Umeme wa gatini kwenye yoti: kwa nini unajikata, na uanzie wapi kutafuta

Yoti inapofunga gati, ikachomekwa kebo ya umeme na taa zikazimika, mambo mawili husemwa sana. La kwanza ni kwamba umeme wa gati hilo ni mbovu. La pili ni kwamba chombo kinachoelea hakihitaji waya wa ardhi, hivyo ukiukata matatizo yanakwisha: breka haijikati tena, na zinki, vile vipande vya metali vinavyofungwa chini ya chombo ili viliwe na kutu badala ya propela, haziliwi. Hili la pili husemwa na mabaharia wenye uzoefu wa miaka mingi, ndiyo maana huaminiwa haraka. Lile la kwanza mara nyingi si kweli. Hili la pili limeua watu.

Maelezo haya yanahusu mfumo wa volti 230 na hezi 50, wenye plagi ya buluu ya pini tatu ya ampea 16, kama ulivyo kwenye marina nyingi za Ulaya. Marekani wanatumia volti 120, hezi 60 na plagi ya kuzungusha ya ampea 30, lakini kanuni za kutafuta kosa ni zilezile. Huku kwetu, kuanzia Kilifi na Mtwapa hadi Tanga na Dar es Salaam, yoti nyingi hulala kwenye maboya, na kebo huchomekwa zaidi chombo kinapopandishwa chelezoni. Umeme wa chelezoni una hatari zake, nazo tutazigusa.

Ijue njia kabla ya kutafuta kosa

Umeme unatoka kwenye kisanduku cha gatini chenye soketi, breka na mara nyingi RCD, yaani kifaa kinachokata umeme unapovuja. Unapita kwenye kebo hadi kiingilio cha yoti, ile soketi yenye kifuniko karibu na sehemu ya kukaa nahodha. Hapo unaingia breka kuu na RCD ya chomboni, halafu breka ndogo za paneli, ndipo unavifikia vifaa: chaja ya betri, hita ya maji, soketi za birika na kompyuta.

Ndani ya kebo mna nyaya tatu. Wa kahawia ni laivu, unaoleta umeme. Wa buluu ni nyutro, unaourudisha. Wa kijani wenye mstari wa njano ni waya wa ardhi. Mambo yakiwa sawa huu haubebi mkondo wa maana. Kazi yake ni kuupa umeme uliopotea njia rahisi ya kurudi, ili ulinzi uhisi na kukata. Kwenye yoti iliyoundwa Marekani laivu ni nyeusi, nyutro nyeupe na ardhi kijani. Angalia sana hapo, kwa sababu kwenye chombo hichohicho waya mweusi unaweza pia kuwa hasi ya betri ya volti 12. Usiguse mweusi wowote kabla ya kuupima.

Walinzi wako ni wawili, na kazi zao zinatofautiana. Breka ya kawaida inaangalia wingi wa mkondo: mzigo ukizidi inavumilia kidogo kisha inakata, na ikitokea shoti inakata papo hapo. RCD haishughuliki na wingi. Inalinganisha mkondo uliokwenda kwa laivu na uliorudi kwa nyutro, kama mtu wa mlangoni anayehesabu walioingia na waliotoka. Hesabu zikipishana kwa miliampea 30, inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwa kawaida huanza kukata popote kati ya miliampea 15 na 30.

Kwa hiyo, kabla ya kushika bisibisi, jiulize nini kimejikata, na kimejikata lini. Watu wengi hurudisha swichi juu mara tatu nne bila kuangalia ni swichi gani iliyoshuka, na kwa kufanya hivyo hupoteza ushahidi mzuri kuliko wote.

Breka inapojikata baada ya muda, piga hesabu ya mzigo. Ampea 16 kwa volti 230 ni wati 3,680. Birika linakula 2,000, hita ya maji 1,200, chaja 500. Hapo umeshafika 3,700 na kiyoyozi bado hakijawashwa. Ongeza kiyoyozi cha wati 1,000, unavuta zaidi ya ampea 20, na breka itakata kama ilivyotengenezwa kufanya. Chelezoni, ukivuta umeme kwa plagi ya kawaida ya pini bapa yenye fyuzi ya ampea 13, kikomo chako ni wati 2,990 tu. Dawa ni kuzima kitu kimoja. Ukibadilisha breka kwa kubwa zaidi, kebo ndiyo itakayobeba joto ambalo breka ilikuwa inalizuia.

Breka ikiruka mara tu unapochomeka, ilhali kila kitu kimezimwa na chombo kina transfoma ya kutenganisha (inayopitisha umeme bila kuunganisha waya za gatini na za chomboni), huenda hakuna kibovu. Transfoma kubwa huvuta mkondo mkubwa mno kwa mara ya kwanza, kisha hutulia. Kuna kifaa cha kuianzisha taratibu ambacho hufungwa mbele yake.

Plagi inayochemka

Kosa linaloteketeza vyombo mara nyingi halimwamshi mlinzi yeyote. Ni pini iliyolegea au iliyoshika ukoko wa chumvi. Chukua mgusano wenye ukinzani mdogo tu wa omu 0.1, pitisha ampea 16, na utapata karibu wati 26 za joto ndani ya plagi ya plastiki, saa baada ya saa. Breka haioni kitu, kwa kuwa mkondo haujazidi. RCD nayo haioni kitu, kwa kuwa hakuna kilichopotea njiani.

Kwa hiyo baada ya nusu saa ya mzigo mkubwa, gusa plagi zote mbili kwa nje. Vuguvugu si tatizo. Ikiwa moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, zima mzigo, zima breka ya gatini, chomoa na utazame. Pini iliyogeuka nyeusi au kahawia, plastiki iliyovimba, harufu ya kuungua: badilisha plagi na ile soketi yake kwa pamoja. Ukiweka plagi mpya kwenye soketi iliyokwisha kuungua, mpya nayo itaharibika, kwani zile springi za ndani zimekwisha kupoteza nguvu ya kubana. Unapofunga plagi mpya usitie risasi ya kulehemu kwenye ncha za waya zinazobanwa kwa skrubu. Risasi hulegea taratibu chini ya shinikizo, na joto linaanza upya. Tumia vikofia vya kubana ncha za waya, na nyaya za shaba iliyopakwa bati kama zinapatikana.

Kebo yenyewe iwe ya nyaya tatu za milimita za mraba 2.5, isizidi mita 25. Kwa urefu huo na ampea 16 unapoteza takriban volti 6 njiani, jambo linalovumilika. Ukiunganisha ekstensheni hadi mita 100 unapoteza zaidi ya volti 24, na ndipo kiyoyozi kinaponguruma bila kuwaka na chaja kuandika kosa. Kebo inayobaki usiizungushe ikawa duara nene chini ya jua. Joto la tabaka za ndani halina pa kutokea, na ganda huanza kulainika. Itandaze.

RCD inapokata

Hapa ndipo watu wanapopotea, na ndipo fundi asiye mwaminifu anapokuuzia chaja usiyoihitaji. Siri ni kuigawa njia vipande na kuongeza kimoja kimoja.

Anza kwa kuchomoa vifaa vyote vya kuchomekwa chomboni. Usivizime tu, vichomoe. Zima breka zote za paneli na ile kuu. Zima breka ya kisanduku cha gatini, kisha ichomoe kebo upande wa yoti, lakini uhakikishe ncha yake imefunikwa, imekaa pakavu na hakuna anayeishika. Washa kisanduku. Ikikata sasa, kosa ni la kebo au la kisanduku, na jaribio la soketi ya jirani litakuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili. Ikishika, zima tena, rudisha kebo kwenye kiingilio huku breka kuu ya chomboni ikiwa imezimwa, halafu washa. Ikikata hapa, fungua kiingilio kwa nyuma. Mara nyingi utakuta shaba imegeuka kijani na tone la maji ya mvua au ya chumvi limekaa kati ya pini. Ikishika, washa breka kuu peke yake, kisha breka ndogo moja moja, kisha chomeka vifaa kimoja kimoja. Kile kitakachoiangusha ndicho cha kuchunguza.

Ila kuna mtego. Breka ndogo nyingi hukata laivu tu na kuacha nyutro imeungana. Ikiwa kosa liko kati ya nyutro na ardhi ndani ya hita, kuizima kwa breka yake hakuitoi kwenye njia, na RCD itaendelea kukata huku breka zote ndogo zikiwa chini. Ukifika hapo usihukumu kwamba RCD ni mbovu. Zima gatini, chomoa kebo kabisa, kisha fungua nyaya za kila kifaa cha kudumu, laivu na nyutro kwa pamoja, na urudie jaribio.

Mshukiwa wa kwanza ni hita ya maji. Chuma chake cha joto kina unga mweupe ndani ya ala. Ala ikipasuka kwa chumvi, au kwa kuwashwa tangi likiwa tupu, unga hunyonya unyevu na umeme hupata njia ya kuifikia ardhi. Ili miliampea 30 zivuje kwenye volti 230, inatosha ukinzani ushuke hadi omu 7,700 hivi. Maltimita ya kawaida hupima kwa volti chache za betri yake, na huweza kukuambia hita ni nzima ilhali ikipata volti 230 inavuja. Kipimo cha kuaminika ni mega ya volti 500, yaani mita inayopima uvujaji kwa volti kubwa: kati ya nyaya za hita na ardhi, zikiwa zimefunguliwa kutoka kwenye mfumo, utafute omu milioni 1 au zaidi. Usiielekeze mega kwenye chaja, inveta wala kompyuta, utaziunguza.

Mshukiwa wa pili hufichika zaidi. Nyutro na ardhi huunganishwa mahali pamoja tu, kwenye chanzo cha umeme. Ukiwa umechomeka gatini, chanzo kiko nchi kavu, kwa hiyo chomboni visigusane. Jenereta na inveta nazo ni vyanzo. Inveta nzuri huunganisha nyutro na ardhi inapotengeneza umeme yenyewe, na hufungua muungano huo kwa swichi ya ndani pindi umeme wa gatini unapoingia. Swichi hiyo ikikwama, au aliyeifunga akiwa ameweka kiungo cha kudumu, sehemu ya mkondo wa kurudi hupitia waya wa ardhi, na RCD huona hesabu pungufu. Dalili yake iko wazi: RCD inakata kwa kifaa chochote utakachowasha, awe birika au taa ya mezani. Ili kuhakikisha, chomoa kebo, zima inveta na jenereta, acha breka kuu juu, kisha pima omu kati ya nyutro na baa ya ardhi ya chomboni, kile kipande cha metali kinachokusanya nyaya za kijani. Namba ikikaribia sifuri, muungano upo. Pima kwenye baa yenyewe. Ukipima kwenye pini ya kiingilio, kizuizi cha dayodi kilichofungwa kwenye waya wa ardhi, tutakachokieleza mbele, kinaweza kukudanganya.

Halafu kuna siku hakuna kibovu hata kimoja, na RCD inakata bado. Chaja, kompyuta na inveta zina vichujio vinavyoachia miliampea moja mbili kwenda ardhini kwa kawaida yake. Vikiwa kimoja kimoja havidhuru. Vikiwa saba pamoja, na umande wa alfajiri kwenye plagi, unafika 16 au 20 na mlinzi anakata. Ndiyo maana yoti nyingine hukatika saa kumi na moja alfajiri, na fundi akija saa nne hakuti kitu.

Kupima kisanduku cha gatini

Anayejua kutumia maltimita kwenye umeme mkubwa, yenye daraja la usalama CAT III na vyuma vya kupimia visivyo na nyufa, anaweza kuhukumu kisanduku kwa vipimo vitatu. Laivu na nyutro: 230. Laivu na ardhi: 230. Nyutro na ardhi: sifuri au volti chache. Ukipata 230 kati ya nyutro na ardhi, na sifuri kati ya laivu na ardhi, laivu na nyutro zimebadilishana nafasi. Vifaa vitafanya kazi kama kawaida, lakini breka inayokata waya mmoja tu itakuwa inakata nyutro, na kifaa “kilichozimwa” kitabaki na volti 230 ndani. Mara nyingi kosa limo kwenye adapta iliyotengenezwa kwa mkono, na hiyo ndiyo ya kukagua kwanza. Ukipata namba ya ajabu kama 70 au 110 kati ya laivu na ardhi, waya wa ardhi huenda umekatika mahali na mita inasoma kivuli. Usichomeke hapo. Taa kuwaka si ushahidi kwamba ardhi ipo.

Wa kijani na zinki

Sasa turudi kwa wanaoukata. Wanachokiona ni cha kweli: chombo kilichochomekwa kwa muda mrefu kinaweza kumaliza zinki kwa wiki chache badala ya mwaka. Sababu ni kwamba waya wa ardhi unaunganisha metali za yoti yako na za majirani wote na chuma cha gati lenyewe, na maji ya chumvi yanakamilisha mzunguko. Nyote mmekuwa betri moja. Zinki yako na propela ya shaba nyeusi ya jirani zinapishana kwa karibu volti 0.7, na zinki ndiyo inayolipa, kisha inafuata aluminiamu, ikiwa chombo chako kina gia ya aluminiamu chini ya maji.

Dawa ya ugonjwa huo ni kizuizi cha dayodi, kinachofungwa kwenye waya wa kijani mara tu baada ya kiingilio. Kinazuia volti ndogo hizo hadi takriban 1.2, na kinaachia mkondo wa hatari upite pindi kosa la kweli linapotokea. Kabla ya dayodi hakikisha hakuna njia ya pembeni: wavu wa metali ulio ndani ya kebo ya televisheni ya gatini, kwa mfano, hukizunguka kizuizi na kukifanya pambo. Mwenye uwezo zaidi hufunga transfoma ya kutenganisha, inayopitisha nguvu bila kuunganisha waya wa gatini na wa chomboni.

Ukiukata ule waya badala yake, hiki ndicho kinachotokea. Ardhi ya umeme mkubwa kwenye yoti nyingi imeunganishwa na hasi ya betri, hasi na injini, injini na shafti, shafti na propela. Siku ganda la waya ndani ya chaja litakapopasuka, volti 230 zitafika kwenye vyote hivyo, na hazitakuwa na njia rahisi ya kurudi. Breka haitajikata. Kila chuma kitasubiri mtu. Chelezoni mtu huyo ni kijana anayekwangua propela amesimama kwenye matope, na hapo hakuna hata hoja ya zinki ya kumtetea aliyekata, kwani chombo hakimo majini.

Majini, umeme huo hutoka kwa propela na kuenea. Wengi hudhani bahari ni hatari zaidi kwa kuwa chumvi inapitisha umeme vizuri. Ni kinyume chake. Maji ya bahari yanapitisha umeme kuliko mwili, kwa hiyo mkondo mwingi humpita muogeleaji pembeni. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanapitisha kidogo kuliko mwili, na mwili ndio unaokuwa njia. Kwa hiyo gati la Mwanza, Kisumu, Entebbe au Kigoma lenye kebo iliyovutwa hadi kwenye chombo ni la kuogopwa zaidi ya la Msasani. Miliampea 10 hadi 20 zinatosha kukaza misuli. Mtu anazama bila hata jeraha la moto, na waliobaki husema alipatwa na kifafa.

Kuna kipimo kimoja rahisi cha kulikamata jambo hili mapema. Bana mita ya kubana, yenye uwezo wa kusoma miliampea, juu ya kebo nzima ya gatini, nyaya zote tatu pamoja. Kinachokwenda na kinachorudi vinafutana, kwa hiyo isome sifuri au karibu. Ikisoma kitu, mkondo unapita majini. Zima breka kuu ya chomboni, kebo ibaki imechomekwa. Namba ikianguka, uvujaji ni wako. Ikibaki, unatoka kwa jirani na unaingia kwako kupitia waya wa ardhi. Mwambie msimamizi wa gati, vyombo vipimwe kimoja kimoja, na watoto wasiogelee hapo hadi chombo kinachovuja kitakapopatikana.

Unapochomeka kila siku, breka ya gatini iwe chini, anza na ncha ya yoti, malizia na ya kisanduku, kisha washa. Unapochomoa, zima mizigo, zima gatini, toa ya kisanduku kwanza. Kwa utaratibu huo hutashika kamwe ncha yenye umeme juu ya maji. Na ukiona mtu amekakamaa majini karibu na gati, usijitupe kumfuata. Zima swichi kuu ya gati au chomoa kebo zote, mrushie boya, piga kelele za msaada, na ukimtoa akiwa hapumui anza kumpulizia na kumbana kifua hapohapo.